Mavazi ya Boda: Je, Unajua Unatumia Ngapi kwa Mwaka?

Muulize dereva wa boda pale Mwembe Tayari petroli ya leo imemla ngapi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize hesabu ya tajiri, anaijua mpaka shilingi ya mwisho. Sasa muulize hivi: tangu Januari, mavazi ya kazi yamekula ngapi? Hapo atacheka, atakuna kichwa, halafu atasema, "Si nyingi."

Hajui. Wala si kosa lake, manake vitu hivi havinunuliwi kwa siku moja. Glavu leo, koti la mvua mwezi wa nne, kioo cha helmeti kikivunjika. Kila kimoja kinatoka kwenye pesa za siku hiyo, na jioni kimeshasahaulika. Lakini pesa zimetoka, na zimetoka mfukoni mwako.

Katika makala hii tutapiga hesabu pamoja, kisha tutaona jinsi ya kuitumia simu yako kuweka, kulipa na kujikinga na matapeli. Hata kama wewe ni abiria tu, endelea kusoma: moja ya helmeti hizo mbili ni yako.

Nani analipia nini?

Kwenye mbio za farasi kule Ngong, Nairobi, joki huvaa fulana yenye rangi za mwenye farasi. Ukiwa mbali unaona rangi, unajua farasi ni wa nani. Fulana ile inamtangaza tajiri.

Boda nayo ina fulana yake: reflekta. Wengi wetu tumeona reflekta za bure, zina nembo ya kampuni au picha ya mwanasiasa anayetafuta kura. Si vibaya, ipokee uivae, mradi vile vipande vya kung'aa viwe bado vinang'aa. Lakini tazama: kinachogawiwa bure mara nyingi ni kile kinachoonekana na watu. Glavu, gambuti na helmeti nzuri ni nadra kugawiwa. Kinacholinda mwili wako, aghalabu unakinunua mwenyewe.

Na si hiari. Tangu Sheria ya Trafiki ya Kenya ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012, dereva na abiria wake wote wanatakiwa kuvaa helmeti na jaketi lenye reflekta, na abiria awe mmoja tu. Kwa hivyo hesabu yako ianzie hapo: helmeti mbili, reflekta mbili.

Kama pikipiki si yako, uliza mapema, siku ileile mnayokubaliana hesabu ya kila siku: helmeti ni za tajiri au ni zangu? Ikivunjika, nani ananunua nyingine? Mkikubaliana, tumianeni meseji. Makubaliano ya mdomo husahaulika, meseji inabaki.

Hesabu ya mfano

Bei hizi ni za mfano tu, ili tuone njia ya kupiga hesabu. Weka bei ulizozikuta wewe dukani au kwenye mitumba ya Kongowea. Kipindi cha kudumu nacho kinategemea unavyotunza.

- Helmeti 2: sh. 6,000. Tuseme zinadumu miaka 3. Kwa mwaka: sh. 2,000
- Reflekta 2: sh. 600. Zinadumu mwaka 1. Kwa mwaka: sh. 600
- Koti na suruali ya mvua: sh. 1,500. Vinadumu mwaka 1. Kwa mwaka: sh. 1,500
- Gambuti: sh. 800. Zinadumu miaka 2. Kwa mwaka: sh. 400
- Jaketi zito la mtumba: sh. 700. Linadumu mwaka 1. Kwa mwaka: sh. 700
- Glavu: sh. 300. Zinadumu miezi 6. Kwa mwaka: sh. 600

Kuanza na kila kitu: sh. 9,900. Kuendelea kuvaa vizuri kila mwaka: sh. 5,800.

Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hizo ni siku 312 kwa mwaka. Gawanya 5,800 kwa 312, unapata shilingi 18 na senti kadhaa. Tufanye 20. Ukiweka shilingi 20 kila siku ya kazi, mwisho wa mwaka una sh. 6,240: mavazi yamelipwa na sh. 440 zimebaki.

Kwa hivyo dereva wetu alikuwa na haki kidogo kusema "si nyingi". Kwa siku si nyingi kweli. Taabu ni kwamba haziji kwa siku. Zinakuja kwa mkupuo, tena mara nyingi siku mbaya: masika imeingia, barabara zimejaa maji, abiria wamepungua, na ndiyo siku koti la mvua limechanika.

Rahisi inayokuwa ghali

Hapa ndipo penye hatari, kwa hivyo tusikimbie.

Tuseme badala ya helmeti ya sh. 3,000 umechukua ya sh. 800. Baada ya miezi 6 mkanda umekatika, au jua la hapa na chumvi ya bahari vimeimaliza. Unanunua nyingine. Kwa miaka 3 utakuwa umenunua 6, yaani sh. 4,800. Umelipa sh. 1,800 zaidi, na muda wote huo kichwa chako kilikuwa ndani ya kitu ambacho huenda hakingekusaidia.

Utafiti wa nchi mbalimbali uliokusanywa pamoja, ambao Shirika la Afya Duniani limeutumia katika miongozo yake, unaonyesha kwamba helmeti humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hiyo ni helmeti ya pikipiki iliyofungwa mkanda. Iliyotundikwa kwenye kioo cha pembeni haihesabiki, wala kofia ya mjengo haihesabiki. Na sisi wa kisiwani tunajua tunapita wapi: malori ya makontena yanayotoka bandari ya Kilindini kuelekea Makupa hayana mzaha na pikipiki.

Kabla ya kulipa, fanya haya dukani:

1. Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, utajibiwa bidhaa ni ya nani na kama kibali kipo hai.
2. Bonyeza ndani kwa kidole. Chini ya kitambaa kuwe na povu gumu linaloshika, si sponji laini peke yake.
3. Vaa, funga mkanda, tikisa kichwa. Ikizunguka au ikivuka, hiyo si saizi yako.
4. Usinunue helmeti ya mtumba usiyoijua historia yake. Iliyowahi kugonga chini inaweza kuonekana nzima huku povu la ndani limeshapasuka.

Na yako ikigonga chini kwa ajali, ibadilishe hata kama hujamaliza miaka 3. Ndiyo sababu zile sh. 440 zinazobaki usizile.

Usimsahau abiria

Madereva wengi wanatuambia abiria anakataa helmeti: inanuka jasho, inaharibu nywele, au mama amejifunga mtandio na haiingii vizuri. Haya si maneno ya bure. Dawa yake ni rahisi: vitambaa vyepesi vya pamba vya kuvaa ndani, vinne au vitano, vinavyofuliwa kila jioni. Fundi cherehani wa mtaani atakushonea kutokana na leso kuukuu. Abiria akiona kitambaa safi, mara nyingi anavaa. Na kabla hujaondoa pikipiki, mkumbushe mwenye buibui au dera alikunje vizuri, lisinaswe na cheni au gurudumu.

Nawe abiria, ukikuta dereva ana helmeti safi ya ziada, ujue ameilipia. Ivae.

Jinsi ya kuweka pesa kwa simu

Shilingi 20 ya mfukoni haifiki jioni, inaishia kwenye kahawa na kashata. Iondoe mfukoni.

- Tenganisha. Nauli ziingie kwenye laini au namba ya biashara, zisichanganyike na pesa za nyumbani. Hapo ndipo utaona kazi inaingiza nini na inakula nini.
- Fungua akiba yenye jina. Usiiite "akiba" tu, iite "Helmeti" au "Masika". Pesa yenye jina ni ngumu kuigusa.
- Chagua saa moja ya kuweka. Wengi hufanya mara tu baada ya kupeleka hesabu. Kama kila muamala una ada, weka mara moja kwa wiki: siku 6 kwa sh. 20 ni sh. 120. Angalia ada kwenye menyu kabla hujaamua.
- Soma stetimenti kila mwezi. Vitu ulivyolipa kwa simu utaviona. Vya keshi havitaonekana, kwa hivyo jitumie meseji fupi: "glavu 300".

Unaanza kazi na huna kitu? Shilingi 20 itakuchelewesha. Hapo chama cha steji kinasaidia. Watu 10, kila mmoja akitoa sh. 50 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni sh. 3,000. Kila wiki mmoja ananunua helmeti, na baada ya wiki 10 steji nzima imevaa. Mweka hazina alipe duka moja kwa moja, kisha meseji ya malipo iwekwe kwenye grupu kila mtu aione.

Je, nikope?

Tuwe wakweli hapa, ingawa mikopo ni sehemu ya biashara yetu. Usikope kwa ajili ya glavu au jaketi, hivyo vinaweza kungoja wiki mbili. Helmeti ni jambo lingine. Ukiweka sh. 50 kwa siku, utahitaji siku 60 za kazi kufika sh. 3,000, na kuendesha siku 60 bila helmeti si kubana matumizi.

Ukikopa, usitazame kiasi unachopewa, tazama kiasi unachorudisha. Mkopo wa sh. 3,000 unaorudisha kwa sh. 3,250, basi helmeti yako ni ya sh. 3,250. Kama bado unaimudu, chukua, ilipe kwa wakati, na usiongeze mkopo mwingine juu yake.

Kulipa bila kuibiwa

- Lipia dukani kwa namba ya malipo ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likitofautiana na la duka, uliza kwanza.
- Hifadhi meseji ya malipo. Ukirudisha helmeti yenye kasoro, ndiyo risiti yako.
- Muuzaji wa mtandaoni akitaka "deposit kidogo ya kushikilia", mwambie utalipa mzigo ukifika na ukiukagua. Picha nzuri na bei ya chini mno ni chambo cha zamani.
- Umekosea namba? Omba kurudishiwa muamala papo hapo kabla pesa hazijatumika.
- Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN yako, hata akijua jina lako na salio lako.

Anza leo

Jioni hii, ukishaegesha, fungua simu. Andika vitu sita vya kwenye orodha yetu, weka bei zako, gawanya kwa siku zako za kazi. Ikitokea 20, ikitokea 30, hiyo ndiyo bei ya kweli ya kuvaa vizuri kazini. Fungua akiba, ipe jina, weka ya leo.

Masika ya mwakani itakuja tu. Ikukute na koti.