Munigi: Bibi mwenye kizazi kilichoshuka, je, anaweza kupasuliwa?

Huko Munigi, wilaya ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji wa Goma, maji ni kazi. Kwenye ardhi hii ya mawe ya volkano, mwanamke hubeba bidoni la lita 20 mgongoni tangu usichana wake. Ongeza mimba saba au nane, gunia la makaa na umri: misuli inalegea, kizazi kinashuka, na wakati mwingine kinatokeza nje kabisa. Wauguzi huita hali hiyo prolapsi. Wakina mama wengi wanaificha. Wanaacha kwenda kanisani kwa sababu ya harufu ya mkojo, na hawaambii hata mabinti zao.

Woga mkubwa ni wa kisu: mzee akipasuliwa, haamki tena.

Woga huo hautoki hewani. Tumbo likifunguliwa wazi, jeraha ni refu, kupumua kunauma, na mgonjwa analala siku nyingi. Hapo damu inaweza kuganda miguuni na mapafu kushikwa na maambukizi. Kwa mtu wa miaka 70, hatari iko hapo hasa.

Ndiyo maana madaktari wanapendelea njia zenye jeraha dogo. Mojawapo ni laparoskopi: matundu ya milimita 5 hadi 12 tumboni, kamera na vyombo vyembamba. Katika hospitali ya Panzi, Bukavu, daktari Denis Mukwege, mshindi wa Nobel ya amani mwaka 2018, ameitumia pamoja na mpasuaji Guy-Bernard Cadière kutoka Brussels kutengeneza wanawake walioumia vibaya.

Lakini jeraha dogo si hatari ndogo kila mara. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, na mgonjwa analazwa kichwa kikiwa chini, huku amelala usingizi wa dawa. Moyo na mapafu yaliyochoka vinaelemewa. Kwa bibi wa namna hiyo, mara nyingi inafaa kupitia ukeni, bila kugusa tumbo, kwa sindano ya mgongoni tu. Na kuna pesari, pete inayowekwa ukeni kushikilia kizazi, bila kisu chochote.

Kwa kansa ya mlango wa kizazi mambo yaligeuka kabisa. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018, wenye wanawake 631, ulionyesha kwamba baada ya miaka minne na nusu, asilimia 86 ya waliopasuliwa kwa matundu madogo walikuwa hai bila kansa kurudi, dhidi ya asilimia 96.5 ya waliofunguliwa tumbo. Kwa hiyo, mama aliyekwisha koma hedhi kisha akaona damu tena apimwe haraka, kabla ya kuuliza habari za kamera.

Umri peke yake haumzuii mtu kupasuliwa. Kinachopimwa kwanza ni presha, sukari, wingi wa damu, moyo. Baada ya operesheni, bibi ainuliwe atembee mapema, na mtu wa nyumbani alale karibu naye, kwani wazee wengine huchanganyikiwa usiku wa kwanza.

Kisha daktari atakataza mizigo mizito kwa wiki sita hivi. Munigi, hapo ndipo familia nyingi zinakwama. Kabla ya kumpeleka bibi hospitali, nyumba ikubaliane nani atachota maji.