Kampala: pesa ni yako, lakini simu iko kwa jina la nani?

Mkongomani anayefika Kampala bila karatasi mara nyingi hupokea pesa zake za kwanza kwenye simu ya mtu mwingine. Kaka yuko Butembo, dada yuko Ubelgiji, wote wawili wako tayari kutuma. Lakini watume kwa namba ya nani? Hapo anatafutwa jirani, mchungaji, mwenye nyumba, Mganda yeyote mwenye kitambulisho cha nchi yake, ili pesa zipitie kwa jina lake.

Mimi pia nilipita hapo. Mwaka 2017 nilikaa Kampala miezi kadhaa nikiwa na kadi yangu ya mchaguzi na karatasi ya kuvuka mpaka, basi. Wakati huo Uganda ilikuwa imekaza masharti ya kusajili kadi za simu. Jirani mmoja wa uani alikubali kusajili kadi kwa jina lake, nikaitumia mimi. Mambo yalienda vizuri hadi siku tulipokosana juu ya deni dogo la umeme. Alikwenda kwa wakala, akasema simu yake imepotea, akapewa kadi mpya yenye namba ileile. Yangu ikazimika mkononi. Ndani yake mlikuwa shilingi 280,000, kodi ya chumba ya miezi miwili. Nilipokwenda kulalamika, karani aliniuliza swali moja: namba hii imeandikwa kwa jina la nani? Nilitaja jina la jirani. Mazungumzo yakaishia hapo, na kwa kweli karani hakuwa na kosa.

Tangu hapo sheria imebadilika, lakini naona wageni wengi hawajui. Mwezi wa Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu mkimbizi kusajili kadi ya simu kwa jina lake mwenyewe, akionyesha kitambulisho cha mkimbizi au barua ya utambulisho inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Asiye mkimbizi, mwanafunzi au mfanyabiashara, anatumia pasipoti. Kadi ya mchaguzi, ambayo kwetu imetumika miaka mingi mahali pa kitambulisho cha taifa, haimsaidii mtu mbele ya wakala wa Kampala.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwanzo wa mwaka 2025. Mwisho wa Januari M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Banki zikafunga milango. Mtu aliyekimbilia Uganda akiwa na akiba yake katika banki ya Goma alijikuta ana pesa kwenye karatasi, lakini mfukoni hana kitu. Wenye kadi za banki zinazokubaliwa nje ya nchi waliweza kutafuta mashine za kutolea pesa, wengi wao wakivuka hadi Gisenyi. Asiye na kadi hiyo alibaki kuwategemea ndugu.

Sasa, pesa za ndugu zikitoka Ulaya kwa Western Union au MoneyGram, kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi Wakongomani: majina matatu. Kwetu mtu ana jina la kwanza, la pili, kisha la ubatizo. Dada aliye Ubelgiji anaandika lile analolijua, yaani la ubatizo na moja la ukoo. Pasipoti ina yote matatu. Kwenye karatasi ya mkimbizi, karani wa Uganda aliandika alivyosikia, na yeye anasikia Kiingereza. Herufi moja ikipotea, dirishani unaambiwa urudi, mtumaji arekebishe kwanza. Nimeona mama akirudi mara tatu kwa ajili ya herufi moja, mtoto mgongoni, na kila safari ni nauli ya taksi. Dawa yake ni ndogo: piga picha karatasi utakayoonyesha, umtumie mtumaji kabla hajaenda kutuma, anakili jina jinsi lilivyo hata kama limekosewa.

Banki ni hatua nyingine. Kufungua konti si jambo lisilowezekana kwa mgeni, ila inadai karatasi nyingi. Wataomba pasipoti au kitambulisho cha mkimbizi, kibali cha kukaa, picha, mara nyingi barua ya chuo au ya mwajiri, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yule kiongozi wa mtaa anayeweza kusema kwamba kweli unaishi pale. Barua hiyo inawashangaza wengi wetu. Lakini msalimie mwenyekiti mapema, kabla ya kumhitaji. Mtu asiyekujua hataki kukuandikia.

Wafanyabiashara wana njia yao ya zamani: unampa tajiri dola Butembo, mshirika wake anakupatia shilingi Kampala siku hiyohiyo. Ni haraka, na kwa wanaojuana inafanya kazi. Shida ni kwamba hakuna risiti. Wakigombana wao wawili, pesa yako iko katikati.

Anayebeba dola mkononi ajue pia kwamba noti ndogo na zile za zamani hupewa bei ya chini katika maduka mengi ya kubadilisha pesa ya Kampala. Sisi tuliozoea kukataa dola iliyopasuka kidogo pembeni tunakutana na watu wanaosoma mwaka ulioandikwa kwenye noti. Afadhali noti safi, mpya, za 50 au 100.

Na pesa ikishaingia kwenye simu, kuitoa kuna makato mawili: ya kampuni ya simu, na kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ambayo Uganda inatoza kwenye kila pesa inayotolewa kwa simu. Kwa shilingi 100,000 kodi hiyo ni 500. Si nyingi, lakini anayetoa kidogo kidogo kila siku hupoteza zaidi, kwa kuwa ada ya kampuni kwa pesa ndogo ni kubwa ukilinganisha na pesa yenyewe. Kodi ya nyumba unaweza kuilipa kwa kutuma moja kwa moja kwa simu ya mwenye nyumba, bila kutoa noti. Ujumbe unaobaki kwenye simu ndiyo risiti yako siku atakaposema hukulipa.

Mwaka jana nilirudi Kampala kikazi, safari hii na pasipoti. Wakala alisajili kadi yangu ya simu, akaacha jina la pili. Nilimwomba alirudishe kabla sijatoka dukani. Alinung'unika kidogo, watu walikuwa wamepanga mstari nyuma yangu, lakini aliliandika.