Moto wa Mtaa na Watu wa Mtaa: Historia ya Wazimamoto wa Kujitolea wa Istanbul

Miongoni mwa mambo aliyotufundisha Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) limo moja ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni kuzima moto kabla ya kulala. Imepokewa kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku ilhali wenyewe wamo ndani. Habari zilipomfikia, aliwatanabahisha Masahaba kwamba moto ni adui wa mwanadamu, na akawaamrisha wauzime wanapokwenda kulala. Dini iliyojali taa ya mtu mmoja chumbani mwake haiwezi kuwa imenyamazia usalama wa mtaa mzima.

Kwa sababu hiyo, katika ukurasa wetu wa familia wiki hii tumeona tuwasimulie wasomaji habari za Waislamu waliotutangulia, pamoja na majirani zao wa dini nyingine, ambao walilibeba jukumu hilo mabegani. Nao ni wazimamoto wa kujitolea wa mitaa ya Istanbul katika zama za dola ya Uthmaniya. Wema wao unafaa kuigwa, na kosa lao linafaa kuepukwa. Yote mawili yanatuhusu.

Mji wa mbao

Istanbul ilisifika kwa misikiti yake ya mawe, lakini watu wake wengi waliishi katika nyumba za mbao. Mbao zilipatikana kwa wepesi, na nyumba ya mbao ilistahimili mitetemeko ya ardhi, ambayo ni mingi katika nchi ile, kuliko nyumba ya mawe. Hata hivyo, kilichowaokoa na tetemeko kiliwaponza kwa moto. Nyumba zilibanana, njia zilikuwa nyembamba na zenye miinuko, na wakati wa baridi kila familia ilikota makaa ndani. Cheche moja ikipata upepo mkali wa kaskazini, mtaa mzima uliweza kuteketea kabla ya alfajiri. Mwaka 1660 moto uliangamiza sehemu kubwa sana ya mji na kuua maelfu ya watu.

Watawala hawakukaa kimya. Tangu karne ya 16 amri zilitolewa kwamba kila mwenye nyumba awe na ngazi inayofika paani na pipa lililojaa maji, na kwamba moto ukizuka watu wasikimbie bali wasaidiane kuuzima. Tuizingatie amri hiyo. Zama hizo pampu zilikuwa bado, na serikali ilijua kwamba msaada wa kwanza utatoka kwa jirani.

Pampu ya Davud

Mwanzoni mwa karne ya 18 alifika Istanbul fundi mmoja kutoka Ufaransa, akasilimu, akaitwa Davud. Alitengeneza pampu ya kuzimia moto, na mwaka 1720, katika utawala wa Sultani Ahmed III, Waziri Mkuu Ibrahim Pasha akamkabidhi kuunda kikosi cha wazimamoto. Kikosi hicho kiliwekwa chini ya askari wa Yanisari.

Pampu yenyewe ilikuwa sanduku lenye mitungi ya shaba ndani na mpini mrefu juu. Maji yalimiminwa kwa ndoo, watu wakasukuma mpini juu na chini, na maji yakaruka kupitia bomba la ngozi. Haikuwa na nguvu ya kuzima moto uliokwisha kuwa mkubwa. Moto ukishika nyumba nyingi, dawa ilikuwa kuzibomoa kwa shoka na kulabu zile zilizokuwa mbele yake, ili ukose cha kula. Faida ya pampu ilikuwa kuuwahi moto ungali mdogo.

Mwaka 1826 Sultani Mahmud II aliwavunja Yanisari, na wazimamoto wao wakaondoka pamoja nao. Hazikupita wiki nyingi, moto mkubwa ukazuka upande wa Hocapaşa, nao mji hauna kikosi cha kuukabili. Msiba huo ulifumbua macho. Vikosi vipya viliundwa, na mwaka 1828 ukasimamishwa mnara wa mawe wa Beyazıt, ambapo walinzi walikesha wakiuangalia mji. Walipoona moto, mchana walitundika vikapu na usiku taa, kuonyesha ulikozukia. Wapiga mbio walishuka kutoka mnarani kupeleka habari, na walinzi wa mitaa wakapita vichochoroni wakigonga fimbo zao juu ya mawe na kunadi kwamba moto umezuka.

Pampu begani

Hapo ndipo watu wa mitaa waliposhika nafasi yao. Kwa Kituruki mtaa huitwa "mahalle", neno la Kiarabu lenye asili moja na neno letu "mahali". Mtaa ulikuwa zaidi ya safu ya nyumba. Ulikuwa na msikiti wake, na kwa muda mrefu imamu ndiye aliyekuwa msemaji wa wakazi mbele ya serikali. Mitaa ya Wagiriki, Waarmenia na Mayahudi nayo ilikuwa na viongozi wake wa dini.

Polepole kila mtaa ukapata pampu yake na vijana wake wa kuibeba. Gari lisingeweza kupita katika vichochoro vile, kwa hiyo sanduku lilifungwa kwenye miti na kubebwa na watu wanne mabegani, huku wenzao wakikimbia ubavuni wakisubiri zamu ya kupokezana. Mbele alitangulia mwenye taa. Yuko aliyeshika bomba, yuko aliyeangalia mpira wa ngozi, na juu ya wote yuko mkuu wa kikosi aliyetiiwa bila maswali. Walikuwa wachukuzi, wapiga makasia, mafundi na wenye vibanda vya biashara. Hawakuwa na mshahara. Usiku wa baridi, mbio za kupanda na kushuka, mzigo mzito begani, na mbele yao moto. Na yote hayo mara nyingi kwa ajili ya nyumba ya mtu wasiyemjua. Anayeiokoa nafsi moja, dini yetu imempandisha daraja la aliyewaokoa watu wote. Hatuna shaka kwamba miongoni mwa vijana wale walikuwamo waliotoka vitandani kwa nia hiyo.

Mashindano yalipoishinda nia

Sasa tuje kwenye kosa. Kadiri miaka ilivyopita, vikosi vilianza kushindana. Kupitwa njiani na kikosi cha mtaa mwingine kukawa fedheha, na kuwahi kufika kukawa fahari ya kutungiwa mashairi na kughaniwa katika mikahawa. Mashindano ya heri hayana ubaya, bali haya yalivuka mpaka. Vikosi viwili vilipokutana katika njia nyembamba na kila kimoja kikakataa kumpisha mwenziwe, ngumi zilirushwa, wakati mwingine na visu vikachomolewa, na moto ukaendelea kula. Wengine walizoea kudai bakshishi kwa mwenye nyumba kwanza, wakati paa lake linawaka. Jina lililokuwa la heshima likaanza kutajwa pamoja na ugomvi na uhuni.

Tarehe 5 Juni 1870 moto ulizuka katika eneo la Pera, ukateketeza maelfu ya majengo. Baada ya hapo dola ilimwita Ödön Széchenyi, Mhungaria aliyejifunza kazi hiyo London na aliyekwisha kuanzisha chama cha wazimamoto wa kujitolea mjini Budapest. Alifika mwaka 1874, akaunda kikosi cha kijeshi chenye mafunzo na nidhamu, akatunukiwa cheo cha Pasha, na akaishi Istanbul mpaka alipofariki mwaka 1922. Vikosi vya mitaa viliendelea sambamba na kikosi chake kwa miaka mingi, vikififia taratibu. Mwaka 1923 kazi ya kuzima moto ilikabidhiwa kwa baraza la mji, na magari ya injini yakachukua nafasi ya mabega.

Je, kujitolea ndiko kulikoshindwa? Sisi hatuoni hivyo. Budapest yenyewe ilianza kwa watu wa kujitolea. Kilichowaangusha wale wa Istanbul ni kwamba nyumba inayoungua iliacha kuwa shabaha, ikawa uwanja wa kuonyeshana. Amali huangaliwa kwa nia yake, na nia ikishaharibika hata miguu yenye mbio humchelewesha mtu.

Sisi je?

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tuitazame mitaa yetu. Ziko njia ambamo bajaji hupita kwa taabu; gari la zimamoto lipitie wapi? Hata likija kwa haraka, zile dakika za kwanza ni za jirani, kama zilivyokuwa Istanbul.

Sisi tunaotumikia kamati za misikiti tunacho cha kuanzia. Msikiti una tangi la maji ya udhu. Una kipaza sauti kinachosikika kwa wote. Una vijana wanaokutana mara tano kwa siku. Panapokosekana, ni ngazi moja, ndoo kadhaa zilizowekwa mahali maalumu bila kuazimwa kwa ujenzi, ndoo za mchanga, orodha ya vijana kumi wanaojua nani hufanya nini, na mmoja wao wa kutiiwa. Liwemo jina la atakayepiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na la atakayetangulia barabara kuu kulipokea gari na kulionyesha njia. Jeshi hilo hutoa elimu kwa wananchi. Tuwaalike waje watufundishe. Na orodha isiishie kwa Waislamu, kwani moto hauulizi dini ya mwenye nyumba, na jirani ana haki yake vyovyote awavyo.

Nyumbani, akina mama na akina baba tuwafundishe watoto mambo machache. Mafuta yakishika moto jikoni yasimwagiwe maji. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, usiihamishe. Moto wa umeme usikaribiwe kwa maji. Zima swichi kuu kwanza. Harufu ya gesi ikisikika, usiwashe wala usizime taa; funga mtungi, fungua madirisha, watu watoke. Na kabla ya kulala, mkubwa wa nyumba apite jikoni na penye chetezo cha ubani kuhakikisha hakuna kaa linalofuka. Akifanya hivyo kwa kufuata mafundisho ya Mtume (s.a.w.), ana ujira wake.

Jambo la mwisho ni la sisi viongozi. Misikiti na vyama vyetu vikiamua kuanzisha vikosi hivi, tusigombee fulana za nani zitangulie, wala picha ya nani itoke gazetini. Kijana wa msikiti wa pili akifika kwanza na ndoo yake, apishwe njia.

Tunamuomba Allah (s.w.) azilinde nyumba zetu na moto wa dunia, atukinge na moto wa Akhera, na azisafishe nia zetu. Amin.