Goti Jipya na Swali la Nyanya

Nyanya yangu alikubali kubadilishwa goti, halafu akakataa. Si kisu alichokiogopa. "Wakinikata nitakuwa nimelala," alisema. "Je, nikiamka?"

Nilimpelekea mjomba swali hilo, maana yeye ni daktari wa nusukaputi. Kumbe nyanya hakukosea! Ncha za mifupa hukatwa na kuvikwa vyuma, na katikati hutiwa plastiki ngumu. Siku mbili tatu za kwanza uchungu ni mkali ajabu, nazo ndizo siku anazotakiwa asimame na kukunja goti lisije likakakamaa. Mofini hutuliza, lakini humlevya mgonjwa na kumtapisha, na ikizidi hupunguza pumzi.

Ndipo hutumiwa ganzi ya neva. Neva ni kama nyaya za simu zinazopeleka habari za maumivu ubongoni. Dawa ikimwagwa kando yake, habari hukatikia njiani. Karl Koller wa Vienna alitia jicho ganzi kwa kokeni mwaka wa 1884. Mwaka wa 1994, madaktari wa mji uo huo walieleza jinsi ya kuongoza sindano ya ganzi ya mkono kwa picha za mawimbi ya sauti.

Awali daktari alikuwa akipapasa na kukisia tu. Sasa hutumia mashine ya aina ile ile wanayopimiwa kina mama wajawazito. Kwenye kioo, mshipa wa damu ni duara jeusi linalodunda, neva iko jirani, na sindano ni mstari mweupe. Ujirani huo ni wa hatari, kwani dawa ikiingia kwa wingi katika damu inaweza kuleta degedege, hata kusimamisha moyo.

Zamani sindano ilidungwa kinenani. Uchungu uliisha, lakini misuli ya paja ililegea. Mgonjwa akisimama, puu, chini! Siku hizi madaktari wengi hudunga katikati ya paja, ambapo nguvu za misuli haziguswi sana. Nyuma ya goti huenda pakauma bado, kwa hiyo wengine huongeza sindano ya pili.

Nilimsimulia nyanya yote haya. Akanisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na ganzi ikiisha usiku wa manane?"

Nikamwambia ukweli: sindano moja hudumu kama nusu siku hadi siku nzima, hivyo vidonge humezwa kabla haijaisha.

"Basi mwambie mjomba wako aniamshe nivimeze," akasema.

Tumeshapewa tarehe.