Anasomea mazingira? Usimcheke!

Mchumba wako anakwambia ameachana na fomu za kozi ya biashara, kajaza za mazingira. Unaguna. Kichwani unaona miche, mabuti ya mvua na mshahara wa kubahatisha. Na wakwe je? "Yaani mtoto aende chuo kikuu kusomea kupanda miti?"

Jamani, taratibu. Kabla hujamshauri abadili kozi, hebu tuangalie elimu hii inampa mtu nini hasa.

Jicho la kuuliza "kwa nini?"

Tumchukue Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Alisoma biolojia Marekani, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1964 na ya uzamili mwaka 1966. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, kisha akafundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi. Mpaka hapo, habari ya miti haipo kabisa.

Utafiti wake ulihusu kupe wanaoeneza ndigana kali kwa ng'ombe. Alipokwenda vijijini kuwakusanya akaona na mengine: ng'ombe wamekonda, mbavu nje, na mvua ikinyesha mito inageuka rangi ya udongo. Mwingine angejaza chupa zake za kupe akarudi zake maabara. Yeye akaunganisha mambo. Msitu umefyekwa, udongo hauna wa kuushika, mvua inauzoa mpaka mtoni, malisho yanapotea, ng'ombe anakonda. Akaona kwamba tishio kubwa kuliko kupe ni kuharibika kwa mazingira yenyewe.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya shule hii: unazoea kulifuata tatizo mpaka linapoanzia. Mtaa ukifurika, wewe unailaani mvua. Aliyesomea mazingira anauliza mtaro umezibwa na nini, taka zinatoka wapi, na nani aliruhusu watu wajenge bondeni.

Kuwasikiliza wasio na vyeti

Akina mama wa vijijini walikuwa wakilalamika kuwa kuni ziko mbali, maji safi hakuna, na chakula bora ni cha shida. Maathai akaona yote hayo yanagusa miti. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Wataalamu wa misitu walitia shaka: mama asiye na diploma ataoteshaje miche? Akina mama hawakungoja diploma. Waliokota mbegu wenyewe, wakaziotesha hata kwenye makopo yaliyotupwa. Malipo yalikuwa kidogo, tena kwa mche ulioshika tu, siyo kila uliochimbiwa shimo. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imeshapandwa.

Umeona? Usomi wake ulimwonyesha tatizo, lakini kazi ilifanywa na waliokuwa wakiishi nalo.

Ina gharama yake

Tusidanganyane. Mwaka 1989 alipopinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, bungeni yeye na wenzake walibezwa kuwa ni kundi la wanawake walioachika. Ndoa yake ilivunjika mwishoni mwa miaka ya 1970, na hapo ndipo walipochagua kumpigia. Hakurudi nyuma, na jengo halikujengwa. Alifariki mwaka 2011, lakini bustani ipo mpaka leo.

Kwa nyinyi mnaopendana, funzo ni hili: anayetetea mazingira atagusa maslahi ya watu, na watamtafutia pa kumuumiza. Usiwe wewe wa kwanza kumcheka.

Na mshiko je?

Upo, ila hauji wenyewe. Kenya ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 1999, Tanzania mwaka 2004. Zote zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Kwa hiyo barabara, hoteli, mgodi, kiwanda, wote wanahitaji mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Ndiyo maana kozi ichaguliwe kwa makini. Je, wanafunzi wanapelekwa uwandani, au ni kukariri tu? Wanafundishwa sheria? Wanajifunza kukaa na wanakijiji na kuwasikiliza? Kama majibu yote ni hapana, tafuteni chuo kingine.

Tena si lazima kusubiri shahada. Mwaka 1991, wanafunzi 12 wa Dar es Salaam walikutana nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, kuzungumzia mambo yaliyokuwa yakiwakera katika maeneo yao. Kikao hicho kilizaa Roots & Shoots, mtandao wa vijana ambao sasa upo katika nchi nyingi duniani. Walikuwa bado wa sekondari.