Mfiwa Hahitaji Dawa ya Usingizi

“Dokta, mpe kitu alale.” Simu hiyo nimeipokea hadi imenichosha. Mara ni shemeji, mara ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na hoja ni ileile: mjane amelia tangu usiku, atatuzimikia. Nikiuliza anaumwa nini, najibiwa, “Haumwi, amefiwa.” Sasa dawa ya nini?

Nikikataa, hutafutwa duka la dawa lisilouliza cheti. Mama wa watu anameza diazepamu, ile maarufu kwa jina la Valium, akiambiwa ni panadol. Asubuhi anashikwa huku na huku kwenda kuaga mwili, macho mazito, hajui aliyempa mkono ni nani. Siku zikipita anaanza kuwauliza watoto: baba yenu alivalishwa suti ipi? Nani alitupa udongo wa kwanza?

Ndivyo dawa hiyo ilivyo. Hutuliza ubongo na wakati huohuo huuzuia kuhifadhi yanayotokea. Huzuni haiigusi. Nusu ya dozi yaweza kuwa bado mwilini baada ya siku moja au mbili, na kwa wazee hukawia zaidi. Bibi anaamka usiku kwenda msalani, anaanguka, anavunjika nyonga. Ikichanganywa na pombe, ambayo misiba mingine haiikosi, inaweza kukata pumzi. Ikimezwa kila usiku kwa majuma machache, mwili huizoea. Akiiacha ghafla usingizi unapotea, mikono inatetemeka, wengine hupata degedege. Ndugu husema huzuni imemzidi, wanamwongezea.

Kilio hakimtii mtu wazimu. Kinawasumbua wasikilizaji, basi, na kidonge kile mara nyingi ni cha kuwatuliza wao. Mwanaume asiyetoa chozi husifiwa kwa kujikaza, wala sijawahi kupigiwa simu kwa ajili yake. Na hao wanaozimia? Wengi hawajala wala kunywa maji tangu jana, wamebanwa chumbani na umati, madirisha yamefungwa.

Kwa hiyo: fungueni madirisha, leteni uji na maji, akae na mtu mmoja anayemwamini. Dawa zake za kila siku, ziwe za presha, kisukari, kifafa au ARV, ziulizwe siku ya kwanza, maana misibani husahaulika. “Jikaze” acheni. Marehemu mtajeni kwa jina. Turubai likishaondoka ndipo mtembelee. Huzuni haiondoki nalo: eda ya mjane wa Kiislamu peke yake ni miezi 4 na siku 10. Akisema “nitamfuata”, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ikipita miezi 6 na bado maisha yamesimama kwa muda mrefu kuliko mila zenu zinavyotarajia, mleteni kliniki: hali hiyo imo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022.

Na vidonge vilivyobaki kabatini tangu msiba uliopita, vipelekeni kwa mfamasia.