Ukuta mweusi, zulia la rangi gani?

KIGALI — Anayepamba sebule kwa imigongo, sanaa ya Kirehe inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, hubaki na ukuta wenye weusi mwingi, weupe na wekundu wa udongo. Kazi iliyobaki ni sakafuni.

Wengi huchukua zulia jeusi au la kahawia iliyokolea ili lifanane na ukuta. Hapo ndipo fedha hupotea. Ukuta mweusi hunyonya mwanga; sakafu nayo ikiwa nyeusi, chumba huwa kama pango. Na Kigali, iliyo karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima.

Jeupe nalo ni mtihani: vumbi jekundu la vilimani huingia na viatu, hasa kwenye nyumba yenye watoto. Afadhali rangi ya mchanga, ya chai ya maziwa au ya mkeka mkavu. Hurudisha mwanga na huficha vumbi. Zulia lisiwe na maua. Imigongo tayari ina pembe na mistari ya kutosha.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kipande, akilaze chini ya ukuta wenyewe, akitazame mchana, kisha usiku taa zikiwaka.